Historia Iliyofichwa, Kufichuliwa Ijumaa

Kariobangi, 20 Januari 2025

Ndio, ilifika. Boksi yako ya vitabu ilifika Jumanne na nikaibeba mwenyewe kwa bega kutoka ofisi ya mabasi, watu wakiniuliza kama nimenunua TV. Umeuliza kama watu wanasoma. Mukami, wanasoma. Hicho kitabu chako cha historia ya wanawake kinasomwa hapa Kariobangi kushinda gazeti. Nitafika hapo, lakini wacha kwanza nisalimie, usije ukasema nilisahau adabu.

Niaje sistangu. Baridi ya Kitale inasemaje? Huku tuko sawa. Biashara yangu ya kukodisha viti na spika inaenda, ila paka ameingia ndani ya ile spika kubwa akazalia huko, na sasa nikiweka muziki wa harusi watoto wa paka wanalia kwa besi. Bibi harusi mmoja alidhani ni mama mkwe. Hiyo maneno ya kuandikiana kwa karatasi nimekubali, juu umesema simu ikiibiwa historia inaenda nayo, na wanawake wamepotezwa vya kutosha. Sawa. Lakini ujue mtu wa mwisho kuniandikia barua alikuwa kanjo, askari wa jiji, na hakuwa ananisalimia.

Sasa vitabu. Ulisema nigawie kina mama wa soko. Nilizipeleka kwa kibanda ya mathe nizipange, nikaenda kuona mteja wa viti, kurudi napata mathe wetu ameshachana moja na anafungia watu mandazi. Nikamwambia, "Mathe, hiyo ni kitabu ya Mukami." Akasema, "Najua. Karatasi yake ni nzuri, haivuji mafuta." Kwa hivyo saa hii kila mtu akinunua mandazi anapata ukurasa. Mafundi wa jua kali wanasoma wakitafuna. Nimeona wawili wakibadilishana, mmoja ana mwanzo wa hadithi na mwingine ana mwisho. Kuna mzee amerudia mandazi akiwa ameshiba, anataka tu kujua kama yule mama wa kesi ya shamba alishinda. Niambie ni mwandishi gani mwingine anasomwa hivyo.

Ni ukurasa wa kumi na nne tu ndio mathe hatoi hovyo. Hiyo anaiweka chini ya kopo ya sukari, na anafungia watu wenye hawapendi. Mama Ndanu wa mboga amepewa mara mbili. Unajua ni ukurasa gani. Ni hapo umeandika ile siku ya tingatinga, vile wanawake walikataa soko ibomolewe, "kwa ushauri wa Mzee Wanyoike, huku mke wake naye akitoa mchango." Mke wake. Mukami, wewe ndio mtetezi wa historia ya wanawake Kenya hii, hata fulana uko nayo imeandikwa hivyo, na baba umemtaja jina, mathe wetu umemwandika "mke wake".

Tangu asome hiyo, hataki kuitwa Mama Mukami. Ukimwita hivyo anaangalia nyuma kama kuna mtu mwingine anaitwa. Miaka yote hii mtaa mzima unamjua kama Mama Mukami, hata chifu, hata kwa chama ya akiba. Sasa amewaambia wote yeye ni Mama Wahome. Mimi sikuomba cheo. Nililala kitinda mimba nikaamka nimepandishwa.

Swali langu ni moja tu: mbona uliandika hivyo?

Ni mimi nduguyo wa viti,
Wahome


Kitale, 3 Februari 2025

Ndugu yangu Wahome,

Nakusalimu kutoka chumba kipya. Hiki kina dirisha, na kikohozi changu kimepungua. Jua ni kali na mahindi ya jirani yamebaki mabua. Ofisini tumeletewa mashine ya kahawa ambayo hakuna anayejua kuiwasha, kwa hiyo kumeandaliwa warsha ya siku mbili.

Nimesoma habari za mandazi. Kwa upande wa usambazaji hayo ni mafanikio, na nimeyaingiza katika ripoti kama "njia mbadala ya kuwafikia wasomaji". Mkurugenzi wa shirika letu amefurahi sana. Tafadhali usimweleze mtu yeyote njia yenyewe.

Sasa nikueleze jambo kubwa. Unajua nimekalia mabenchi ya ofisi za elimu mpaka walinzi wananiuliza habari za nyumbani. Ninachoomba ni saa moja kwa wiki, darasani, watoto wafundishwe historia ya wanawake kama wanavyofundishwa ya wafalme na ya reli. Hatimaye kuna mtu mmoja amekubali kujaribu, naye ni Mwalimu Mugo, mwalimu mkuu wa shule yetu ya zamani hapo Kariobangi. Lakini ameweka masharti. Maneno yake ni haya: "Vitabu ninavyo stoo, panya wanakula. Niletee mwanamke mmoja wa hilo soko, mwenye miguu yake, asimame mbele ya watoto aseme alichofanya. Na wazazi waje. Wasipokuja, saa hiyo naipa hisabati."

Siku ni Ijumaa, tarehe saba Machi. Mwanamke niliyemwahidi ni Mama.

Sijamwambia. Nakuomba umwambie wewe, maana mimi nikipiga simu inaita tu mpaka inakatika. Mwambie namsalimia. Lakini usimwambie nimesema umwambie.

Kuhusu lile swali lako, hayo ni mambo ya uhariri. Tutayazungumza ana kwa ana.

Dada yako,
Mukami


Kariobangi, 14 Februari 2025

Mukami,

Salamu zako nimefikisha bila kusema zimetoka wapi, nikasema, "Mathe, unasalimiwa." Akauliza, "Na nani?" Nikasema, "Na watu." Akasema, "Hao watu wakuje wachukue fulana zao, nimechoka kuzianika." Ni zile zako za warsha, bado ziko kwa sanduku. Kumbe kila mvua ikipita anazianika.

Huku kwingine ni sawa. Paka wako wanne, besi ni mbovu, lakini hakuna panya kwa stoo. Leo ni siku ya wapendanao na nimekodisha viti viwili viwili mtaa mzima. Mimi mwenyewe nimekaa kwa mkokoteni.

Sasa hiyo kazi umenipa. Nilingoja mpaka amalize kuuza, nikamwambia kuna shule inataka aongee na watoto kuhusu ile siku ya tingatinga. Alikuwa anaosha sufuria. Akasema, "Wanataka mke wa Wanyoike?" Nikasema wanataka yeye. Akasema, "Kwa kitabu kuna mke wa Wanyoike. Mimi simjui huyo mama. Wamtafute." Akaendelea kusugua. Nikamwambia, mathe, usipoenda hiyo saa itapewa hisabati. Akasema hisabati ni nzuri, ingekusaidia.

Nilijaribu njia zote. Nilimwambia atapewa kiti cha mbele. Akasema kiti ni changu, nimpe leo akae. Nilisema nitavaa kitenge niende mimi badala yake. Hapo alicheka, lakini ya kunicheka.

Na kuna kitu najua na wewe unajua. Mathe hajawahi kusema mwenyewe hiyo siku ilienda aje. Sisi tumelelewa na hadithi za watu. Wewe kwa kitabu umesema wanawake waliimba wimbo wa kanisa na tingatinga ikazima. Mama Ndanu yeye amesema miaka yote, na bado anasema, tingatinga ilizima juu dereva alikuwa mpenzi wa mathe. Mathe hajawahi kumjibu. Anamfungia tu mandazi.

Basi nitumie maneno ya kutangaza, nipite nayo na spika. Wazazi nitajaza. Ya mathe sikuahidi. Na hujanijibu swali. Uhariri ni nani? Ako na namba?

Wahome


Kitale, 24 Februari 2025

Wahome,

Hatujambo. Warsha ya mashine ya kahawa imemalizika, sasa tunajua kuisafisha.

Maneno ya kutangaza ndiyo haya: KUFICHUA HISTORIA ILIYOFICHWA YA WANAWAKE WA KARIOBANGI. IJUMAA, TAREHE 7 MACHI, SAA NANE MCHANA, UWANJA WA SHULE. WOTE MNAKARIBISHWA. Tafadhali usibadilishe hata neno moja. Najua tabia yako. Kamati ilikaa siku nzima ikiyapima maneno haya, na yamepitishwa.

Mimi sitaweza kufika. Wiki hiyo kuna kongamano Naivasha kuhusu sauti za wanawake. Wazungumzaji ni mabwana watatu mashuhuri na mimi ni wa kunukuu watakayosema. Ningeweza kuomba ruhusa, lakini nadhani uwepo wangu ungemkwaza Mama.

Mkurugenzi anaomba picha, watu wakionekana wenye furaha.

Kama Mama hatakuja, niambie mapema nimpigie Mwalimu Mugo mimi mwenyewe. Sitaki asikie kutoka kwa mtu mwingine kwamba nimeshindwa kumleta mama yangu.

Mukami


Kariobangi, 9 Machi 2025

Mukami, kaa chini kwanza. Uko chini? Basi salamu. Mathe ni mzima, paka wamenona, na mimi sina kiti hata kimoja kwa stoo, zote bado ziko shule. Sasa skiza.

Nilitangaza vile uliandika. Sikubadilisha neno, kamati yako isinitafute. Jumatatu nilifunga spika kwa mkokoteni nikapita soko, nikapita karakana, nikapita steji, nikisema vile mlipitisha: kufichua historia iliyofichwa ya wanawake wa Kariobangi. Paka wakijibu kwa besi. Nikaona watu wanasimama. Kwa saluni wakazima mashine ya nywele ndio waskie vizuri. Mzee wa bucha akatoka na kisu mkononi akaniuliza, "Ni wanawake wote ama wengine?" Nikamwambia wote, hakuna kubagua. Akafikiria. "Na wanaume watatajwa?" Nikamwambia mzee, hakuna historia ya mtu mmoja. Jioni hiyo alifunga bucha akaenda Nyeri kuangalia shamba.

Hapo ndio nilielewa. Mukami, mtaa wetu, mtu akisema "huyo mwanamke ana historia", amesema nini? Unajua kabisa amesema nini. Umekaa na kamati mpaka ukasahau. Hakuna mtu hapa alifikiria masomo. Walijua kuna mtu ameleta spika kusema nani alikuwa na nani kabla ya nani, na imepitishwa.

Kufika Jumatano kina mama walikuwa wanapanga laini kwa mlango wetu. Mmoja alikuja na kuku, akasema historia yake irukwe. Mwenyekiti wa kwaya alileta barua ya padre kusema yeye ni mtu wa tabia njema tangu abatizwe. Nikamuuliza, na kabla abatizwe? Akachukua barua, akaenda kutafuta padre tena. Kuna bwana mmoja aliniomba ya mke wake isomwe kwanza, ndio ajue kama ataenda kazi ama atarudi nyumbani. Wote niliwaambia kitu moja: mimi ni wa spika tu.

Mathe alikuwa hapo anakanda unga kama mtu hana masikio. Mpaka Alhamisi, Mama Ndanu akapita nje akiongea na mwenzake, ile sauti ya kusikika: "Mimi kesho nasema yote, hata ile ya tingatinga na dereva wake." Mathe akawacha kukanda. Akaniuliza, "Hiyo kitu yenu inaanza saa ngapi?"

Mukami, uwanja ulijaa. Mwalimu Mugo anasema tangu awe mwalimu mkuu hajawahi kuona baba wa mtoto hapo isipokuwa amekuja kugombana. Alishika maiki akasema, "Wazazi, sikujua mnapenda elimu hivi." Watu wakaangalia viatu. Watoto wa gredi ya nane walikuwa wamekaa kwa nyasi na madaftari, na Mwalimu Perez, yule anawafundisha masomo ya jamii, alikuwa ametoa ubao nje na chaki iko tayari. Nikaweka spika.

Mama Ndanu hakungoja kuitwa. Alikuja akachukua maiki kwa mkono wa Mugo. "Mimi nimekuja kujisema kabla sijasemwa," akasema. "Ndio, nilikuwa napika chang'aa. Na si kidogo. Nilipika mpaka watoto wangu wote wakamaliza shule, na wale walikuwa wanakuja kunishika walikuwa wanakunywa kwanza. Sasa mwenye alitaka kufichua, atafute ingine." Akakaa.

Watu hawakujua kama ni ya kucheka. Kisha mama mmoja nyuma akapiga makofi, na wengine, na Mwalimu Perez akageuka akaandika kwa ubao: BIASHARA. Watoto wakaandika pia.

Baada ya hapo ilikuwa laini. Kila mtu alitaka kujisema kabla jirani amseme. Yule wa saluni akasema ndio, ni kweli alionekana Mombasa na wanaume wa malori, juu alikuwa turniboi, utingo wa lori, alivaa nguo za kakake akabeba mizigo mpaka akapata ya kufungua saluni. Perez akaandika: USAFIRISHAJI. Mwenyekiti wa kwaya akakuja na barua zake mbili mkononi, akasema alikuwa na bwana kabla ya huyu, kule Kangema, wa kupiga, na alitoka na watoto kabla kuche, na ni yeye alianzisha ile chama ilinunua ploti. Kuna mtu alisema tusomewe barua ya padre. Watu wakasema wachana na padre, endelea na Kangema. Wanaume walikuwa wamekaa wamefunga mikono, wakingoja majina yao. Hakuna mtu aliwataja. Nafikiria iliwauma zaidi.

Sasa wengi wamejisema, Mama Ndanu akasimama tena. "Na ya tingatinga je? Ama tungoje dereva aje aseme mwenyewe?" Watu wakacheka ile ya kungoja.

Mathe akatoka nyuma. Alikuwa na aproni bado, unga mpaka kwa kiwiko. Nikampa maiki akakataa, akasema inanuka paka. Akaongea hivyo hivyo.

"Huyo dereva nilimjua asubuhi hiyo. Alikuja kutubomoa, akaona kuna chai. Akakaa kwa kiti changu anakula, na ufunguo ameuwacha kwa mashine. Nikapanda."

Watu wakasogea mbele, Mukami. Hata paka.

"Nilikuwa na mimba ya huyu." Akaninyooshea kidole mbele ya mtaa mzima. "Nikatoa ufunguo nikauangusha kwa sufuria ya maharagwe, nikafunika. Alitafuta mpaka chini ya kiti. Akaniuliza kama nimeuona. Nikamuuliza kama anataka maharagwe. Akasema ndio. Nikamwambia bado hayajaiva, na ilikuwa ukweli. Mpaka waletewe ufunguo mwingine kutoka Industrial Area, soko ilikuwa imejaa watu, na wakili amefika na karatasi ya korti."

"Na mapenzi?" Mama Ndanu akauliza, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Mama Ndanu, huyo mtu alinuka dizeli mpaka chai ikabadilika ladha."

Watu walianguka. Mwalimu Mugo naye, juu ni mtu wa vitabu, akafungua kile chako akauliza kwa heshima, "Na Mzee Wanyoike aliwashauri vipi siku hiyo?"

Mathe akamwangalia. "Wanyoike alikuwa Murang'a, matanga ya mjomba wake. Alirudi akapata soko iko, akauliza chakula ni nini. Ilikuwa maharagwe."

Kisha akatoa funguo za nyumba kwa aproni. Unakumbuka lile lifunguo kubwa la chuma limeshikilia zile zingine, lenye tulikuwa tunadhani ni la kufungulia chupa? Ndilo hilo. Limefungwa na funguo za mlango wetu miaka yote. Wewe umelivaa shingoni ukienda shule.

Msichana mmoja wa mbele akainua mkono. "Shosho, niandike ni nani amesema?"

"Andika Nduta."

"Mama nani?"

Mathe akaniangalia. Halafu akaangalia geti, kama kuna mtu angeingia. "Andika Nduta," akasema. "Hiyo ya mama nani inategemea nani amenikasirisha."

Saa yako umepewa. Kila Ijumaa. Mugo aliitangaza hapo hapo, akasema hisabati itangoja.

Picha nimetuma kwa simu. Za furaha hazikutoka, watu walikuwa wanalia na kucheka na wengine wameficha uso. Na kama kuna toleo ingine ya kitabu, mimi pia niko kwa hiyo historia. Nilikuwa juu ya tingatinga, sema tu nilikuwa tumboni. Nimefichwa vya kutosha.

Wahome


Kitale, 20 Machi 2025

Wahome,

Nimeisoma barua yako ofisini na kuirudia nyumbani. Mvua imeanza. Mengine hayana maana.

Mkurugenzi ameziona picha na ameliita jambo hilo "Mbinu ya Kariobangi". Anataka ifanyike katika kaunti nyingine. Ameniuliza hatua zake ni zipi. Nimeandika hatua ya kwanza, "ushirikishwaji wa jamii", nikakwama. Siwezi kumwandikia kwamba mbinu yenyewe ni kuogopa umbea.

Kongamano la Naivasha lilikwenda vizuri. Mabwana wale walikubaliana kwamba wanawake wasikilizwe. Nilinukuu.

Ule ufunguo ulikuwa ukiniachia kutu kwenye shati jeupe. Mama alikuwa akinigombeza kwa kuchafua shati, kisha ananivisha ufunguo ule ule kesho yake. Niliwahi kumuuliza ni wa nini. Alisema ni wa kuniletea uzito, nisipeperuke.

Toleo la pili linakwenda mtamboni mwezi Mei. Wameniuliza ukurasa wa kumi na nne uandikwe vipi. Nimewaambia wasubiri. Mhariri wa kwanza aliponiuliza yule mama anaitwa nani, nilisema Mama Mukami. Akasema hilo si jina, na nikiliandika wasomaji watadhani najisifu mimi. Basi.

Amesema lolote kunihusu?

Mukami


Kariobangi, 2 Aprili 2025

Mukami sistangu,

Huku mvua pia imekuja, mandazi zinatoka moto na watu ni wengi. Mzee wa bucha amerudi kutoka Nyeri na sasa hakosi Ijumaa, anakaa nyuma, bado hajaamini hatatajwa. Wababa wengi wanakuja hivyo. Mugo anafikiria ni mapenzi ya elimu na hakuna mtu ana roho ya kumwambia. Alikuja kuomba ule ufunguo autundike kwa ukuta wa shule. Mathe akamuuliza, "Na funguo zangu nitashikisha na nini?" Akarudi na kamba ya kiatu ampatie. Hakupewa ufunguo.

Mama Ndanu na mathe sasa wanakunywa chai pamoja. Wanabishana kama dereva alikuwa mfupi ama mrefu.

Ile barua yako nimeisoma mahali umeandika "Basi". Nilikuuliza mara mbili, na mimi si mjinga vile hisabati inasema. Alikuuliza jina la mathe, ukatafuta kwa kichwa ukapata Mama Mukami, na hapo nyuma yake hukupata kitu ingine. Usinijibu. Mimi pia kwa simu nimemwandika "Mathe", na siku ya shule aliposema Nduta kuna sekunde niliangalia nyuma nione ni nani.

Umeuliza kama amesema lolote. Nilimwambia Mukami ameuliza. Akaendelea kugeuza mandazi. Akauliza, "Kitale kuna mandazi?" Nikasema sijui. Akasema, "Hawezi kosa kuwa amekonda." Halafu akatoa karatasi chini ya kopo ya sukari akanipa, akasema kama naandika niandikie kwa hiyo, isiharibike bure.

Hii karatasi umeshika, igeuze. Ni ukurasa wa kumi na nne. Ndio wa mwisho, zingine zimeliwa. Angalia chini hapo: ni yeye amekata "mke wake" na kalamu yake ya chama. Juu yake hajaandika kitu. Ameacha nafasi. Nilimuuliza mbona asijaze mwenyewe. Akasema, "Si mimi niliandika kitabu."

Sasa skiza, mimi ni mtu wa biashara, wacha tufanye hivi. Wewe uje Pasaka na hii karatasi na kalamu. Usije kwa nyumba, kuja kwa kibanda, mchana, soko ikiwa imejaa. Uandike jina lake hapo kwa hiyo nafasi, akiona, na mkono wako, na ulisome kwa spika. Spika ni bure, na paka nimehamisha. Mimi nakurudishia Mama Mukami. Jumatatu mpaka Ijumaa ni yako yote. Wikendi nabaki na Mama Wahome, juu harusi ziko wikendi na hilo jina linaniletea wateja. Na siku yenye tumemkasirisha wote wawili, anabaki Nduta, hakuna kulalamika.

Ukikubali usiniandikie barua. Panda basi.

Wahome